Niliweka Rehani Majina ya Watu 412

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mwanza aliniandikia usiku wa manane. Alikopa shilingi 80,000 kupitia programu ya simu, akachelewa kulipa kwa siku mbili, na sasa mama yake mkubwa, mchungaji wake na wateja wake wa vitenge wamepokea ujumbe unaomwita tapeli. Swali lake lilikuwa moja tu: "Dada, nikiifuta programu yao wataacha?" Hawataacha. Ninamjibu hapa mbele ya wote kwa sababu swali hilo nilijiuliza mwenyewe Julai 2024, na ninajua kwamba wanaojiuliza usiku huu ni wengi kuliko wanaothubutu kuandika.

Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro. Mama yangu alikuwa aletwe kutoka Kilosa kwa ajili ya vipimo, mshahara ulikuwa bado siku tisa, na kwenye kundi la WhatsApp kulikuwa na kiungo ambacho walimu wenzangu wawili walikuwa wameshakitumia. Nilikigusa. Programu ilijipakua yenyewe bila kupitia Play Store, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, kwa kuwa tangu tarehe 31 Mei 2023 Google wamezikataza programu za mikopo ya watu binafsi zilizomo kwenye duka lao kufikia majina na picha zilizo kwenye simu ya mkopaji. Anayekuletea programu ya mkopo kwa mlango wa nyuma huenda anakwepa katazo hilo hilo. Niliulizwa kama ninairuhusu ifikie majina yangu, nikabonyeza "Ruhusu" bila hata kuusoma ujumbe hadi mwisho.

Niliomba shilingi 150,000. Zilizoingia zilikuwa 106,500. Zilizobaki waliziita gharama za huduma, na baada ya siku saba nilitakiwa kurudisha 150,000 kamili. Walioiita mikopo ya namna hii kausha damu hawakukosea.

Siku ya nane, saa mbili kasorobo asubuhi, nikiwa darasani, simu ilianza kutetemeka juu ya meza na haikunyamaza hadi kengele ya mapumziko. Ujumbe uliokuwa umesambazwa ulisema: "Umeandikwa kuwa mdhamini wa mwalimu huyu. Ni mwizi anayekimbia deni. Mwambie alipe leo kabla picha yake haijasambazwa." Aliupata mkuu wa shule. Aliupata fundi bomba aliyewahi kuniwekea koki miaka miwili kabla. Waliupata wazazi wa wanafunzi wangu, na hili ndilo linaloniuma hadi leo, kwa sababu namba zao nilikuwa nimezihifadhi kwa majina ya watoto: "Mzazi Neema 2B", "Mzazi Juma 2B". Kwa kubonyeza mara moja nilikuwa nimewakabidhi watu nisiowajua orodha ya watoto wa darasa zima pamoja na namba za wazazi wao. Simu yangu ilikuwa na majina 412, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeomba mkopo.

Baba mkwe alipiga jioni kutoka Rombo. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, huko mna njaa?" Hakunigombeza wala hakulitaja deni. Ningeona afadhali angenigombeza.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuifuta programu, na halikusaidia chochote, kwa kuwa orodha ya majina ilikuwa imeshanakiliwa kwenye mitambo yao pale nilipotoa ruhusa; kuifuta programu baada ya hapo ni kufunga mlango wakati mwizi ameshaondoka na mzigo. Nilikopa kwenye Saccos ya walimu, nikalipa siku ya kumi na moja, na bado ujumbe uliendelea kutumwa kwa siku mbili zaidi. Ndipo hasira ilipoishinda aibu.

Nilikaa chini nikaisoma sheria. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda heshima na faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa rasmi Aprili 2024, miezi mitatu tu kabla ya yaliyonipata. Sheria hiyo inampa mwenye taarifa haki ya kuzuia zisitumike kwa namna inayomdhuru na haki ya kudai fidia. Mwenye taarifa katika kisa changu sikuwa mimi peke yangu. Mzazi Neema naye alikuwa na malalamiko yake halali, na nilipomfuata kumwomba radhi alikubali kuandika maelezo na kunipa picha ya ujumbe alioupokea. Mkuu wa shule naye alikubali. Nilipeleka malalamiko yenye kurasa kumi na nne, na baada ya wiki kadhaa kampuni iliniletea barua ya kuomba radhi, ikisema imeifuta orodha yangu. Barua hiyo ilisomwa kwenye kikao cha walimu, nikiwa nimeketi mstari wa mbele, na sioni haya kusema kwamba ninajivunia.

Novemba mwaka huo huo Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Orodha ile niliisoma mara tatu. Wakopeshaji walioidhinishwa nao hutangazwa na Benki Kuu, na kuwatafuta huko kabla ya kukopa ni kazi ya dakika tano ambayo mimi sikuifanya.

Wapo wanaoniambia kwamba anayedaiwa hana haki ya kulalamika. Deni ni deni, nami langu nililipa hadi senti ya mwisho. Lakini kudai ni jambo moja na kumvunjia mtu heshima mbele ya wakwe zake ni jambo jingine, na hakuna sheria yoyote inayomruhusu mkopeshaji kufanya hilo la pili. Wengine husema hawana cha kuficha kwenye simu zao. Ndugu zangu, majina yaliyo kwenye simu yako umeaminiwa tu uyatunze, huwezi kuyaweka dhamana. Programu yoyote ikiyaomba, iwe ya mkopo, ya tochi au ya mchezo wa watoto, kataa. Ikigoma kufanya kazi bila majina, iache.

Nawe dada wa Mwanza, usiifute programu kabla hujapiga picha ukurasa unaoonyesha kiasi ulichoomba, kiasi ulichopokea na tarehe. Piga picha kila ujumbe, namba ya mtumaji ikionekana. Andika saa waliyopiga. Kisha mpigie mama mkubwa kesho asubuhi, mwamkie, mweleze ukweli wote, na usimwombe aufute ule ujumbe, mwombe akutunzie.