Kabla ya Alhamisi: chukua kisa kimoja cha stoo uende nacho

Mkuu, umesema umepita mchujo wa utumishi, ule usaili wa kuandika wa ajira za serikali, Alhamisi unaingia usaili wa mahojiano nafasi ya afisa ugavi msaidizi, na unaomba maswali yanayoulizwa. Hayana siri: jieleze, kwa nini unaitaka kazi hii, udhaifu wako, tukio gumu ulilowahi kukutana nalo, mshahara, una swali? Mimi nilikuwa nayo yote kichwani na bado nikapigwa chini mara nne.

Kwenye "jieleze kwa ufupi" ndipo nilipokuwa najimaliza. Nilianza na nilikozaliwa, shule ya msingi, mtoto wa ngapi kwetu. Mama mmoja kwenye jopo alikuwa na CV yangu mezani, kila nikitaja kitu anakifuatisha na kalamu. Nilipofika kidato cha nne akanikatiza: "Stoo umewahi kushika, mwanangu?" Nilikuwa nimeshika miaka mitatu, stoo ya vifaa vya ujenzi! Nikajibu "ndiyo mama", nikanyamaza.

Aliyenifungua macho ni kaka yangu. Hakunipa majibu, alinibana tu: ulifanya nini humo stoo, siku gani, ikawaje? Ndipo nikakumbuka hesabu ya mwisho wa mwezi mmoja. Bini kadi ya simenti, ile kadi ya kuandika kinachoingia na kutoka, inasoma mifuko 412, sakafuni ipo 397. Nikahesabu tena, nikapanda hadi juu ya rundo, 397. Kumbe mifuko 15 ilitoka jioni moja kwa agizo la mdomo, dereva wa bosi kasema "nitaleta karatasi kesho", na mimi nikamfungulia. Ukweli ni kwamba nilikaa siku mbili bila kumwambia bosi, naogopa. Kuanzia hapo hakikutoka hata kilo ya misumari bila vocha yenye saini.

Kisa hicho kimoja kilinibeba usaili wa tano. Kwenye kujieleza nilikitaja kwa sentensi mbili, kwenye tukio gumu nikakisimulia chote. Na kwenye udhaifu nikasema hizo siku mbili za kuogopa, na ninachofanya sasa: nikiona upungufu, taarifa inaandikwa siku hiyohiyo. Ile ya "udhaifu wangu ni kwamba napenda kazi kupita kiasi" achana nayo, jopo wanaanza kutazamana kabla hujamaliza.

Maswali ya taaluma ndiyo yanayochinja wengi, maana tunabaki na madaftari ya chuo. Niliwahi kuulizwa ununuzi wa umma unaongozwa na sheria gani, nikaitaja ya 2011 kwa kujiamini kabisa, wakati ya 2023 imeshaifuta. Isome hiyo, na kumbuka mfumo wa zabuni za serikali mtandaoni sasa ni NeST, siyo TANePS ule wa zamani. Siku nyingine nikaulizwa dawa zinatolewaje stoo, nikang'ang'ania kinachotangulia kuingia ndicho kinachotangulia kutoka. Hiyo ni ya simenti na rangi, baba. Dawa unaangalia inayotangulia kuisha muda, hata kama imeingia jana.

Mshahara serikalini usiumize kichwa, ngazi imeandikwa kwenye tangazo, wewe uwe umeisoma tu. Kampuni binafsi ndiko kwenye mtego. Kuna sehemu nilitaja kiasi kabla sijajua hata wanalipaje, wakacheka kwa upole, wakaniambia watanipigia. Mpaka leo.

Vyeti vipange leo, halisi: cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita kama unacho, chuo, na kitambulisho. Karatasi ya matokeo ya muda usiitegemee. Jina likitofautiana hata herufi moja, shughulikia hati ya majina (deed poll) mapema, usingoje Jumatano jioni. Kuna dada tulikuwa naye foleni moja aliishia kwenye ukaguzi wa vyeti kwa sababu ya jina la ndoa, na mchujo alikuwa ameufaulu vizuri kuliko mimi.

Wakikuuliza kama una swali, uliza kazi yenyewe: stoo ina vitu vya aina gani, hesabu hufanywa kila baada ya muda gani. Suala la likizo liache kwanza.

Sasa leta kisa chako hapa, cha stoo au hata cha field ya chuoni, kwa namba zake. Nitakuhoji kama yule mama. Niko hewani mpaka saa nne usiku.