Misuli ya miguu inauma na nyayo zina ganzi: mazoezi kwa wenye kisukari

Mtu mwenye kisukari cha miaka mingi akilalamika kwamba mashavu ya miguu yanamuuma, nyumba nyingi za Kigoma huanza na sufuria ya maji ya moto na kitambaa cha kukandia. Baada ya hapo hupakwa mafuta ya mise, yaani ya michikichi, na kusuguliwa kwa nguvu. Nia ni njema kabisa, lakini mguu wenye ganzi haukandwi kwa maji ya moto. Ngozi isiyohisi joto huungua bila mwenyewe kushtuka, malengelenge huonekana kesho yake, na kidonda cha mguu wa kisukari kinaweza kuchukua miezi kupona. Chupa ya maji ya moto kitandani na kuota jiko la mkaa ni hatari ileile. Hata ngozi isipoungua, kukanda huleta nafuu ya muda mfupi tu, kwa sababu hakugusi kinachosababisha maumivu.

Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu neva, yaani mishipa ya fahamu, ikianza na zile ndefu kuliko zote, zinazofika vidoleni. Ndiyo maana ganzi huanza kwenye vidole vya miguu yote miwili na kupanda kama mtu aliyevaa soksi. Lakini neva hazibebi hisia peke yake. Hubeba pia amri za kuendesha misuli midogo ya unyayo na ile ya mbele ya muundi inayoinua unyayo unapopiga hatua. Misuli hiyo ikidhoofika, ile ya nyuma, yaani shavu la mguu, hubaki inavuta bila wa kuipinga. Wakati huohuo sukari hushikamana na nyuzi za kano ya kisigino, kano ikawa ngumu na fupi. Ili utembee vizuri, kifundo kinahitaji kukunja kama nyuzi (digrii) 10 kuelekea juu. Kisipofika hapo, kisigino hunyanyuka kabla ya wakati wake, shavu hufanya kazi ya ziada kila hatua, na uzito wote huangukia sehemu ya mbele ya unyayo, palepale vidonda vinapopenda kutokea. Kwa hiyo tiba ya maumivu haya ni kurefusha kilichokaza na kutia nguvu kilicholegea.

Kwanza jua una maumivu ya aina gani. Maumivu ya neva huwaka moto, huchoma kama pini au hupita kama shoti ya umeme, na huzidi usiku ukiwa umelala. Maumivu ya misuli ni mazito, huzidi ukisimama au kutembea sana, na ukibonyeza shavu utapata mahali panapouma. Wengi wana yote mawili. Mazoezi yaliyoelezwa hapa hupunguza hasa maumivu ya misuli.

Kuna maumivu mengine yasiyohitaji mazoezi ya nyumbani bali kwenda hospitali. Shavu likikaza kila unapotembea umbali fulani na kuachia dakika chache baada ya kusimama, mishipa ya damu inaweza kuwa imeziba. Hilo linapimwa kwa kulinganisha presha ya kifundo na ya mkono. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma ghafla, inaweza kuwa damu imeganda ndani: usiusugue hata kidogo, nenda siku hiyohiyo. Unyayo uliovimba, mwekundu au wa moto kuliko mwenzake, hata kama hauumi, acha kuukanyagia mpaka uonwe, kwa sababu mifupa inaweza kuwa inavunjikavunjika ndani bila wewe kuhisi. Na paja moja likiuma vikali huku likikonda, hilo pia ni la daktari.

Kabla ya mazoezi pima sukari, hasa ukitumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamaidi. Ikiwa chini ya 5 mmol/L, kula kitu kwanza, kwa mfano ndizi moja, ndipo uanze. Ikiwa juu ya 14 na unajisikia kuumwa, unatapika au unakojoa mno, siku hiyo si ya mazoezi, ni ya kliniki. Ukitetemeka, ukatoka jasho la baridi au ukachanganyikiwa katikati ya zoezi, kaa chini, kunywa maji yenye vijiko vinne vya chai vya sukari, kisha pima tena baada ya dakika 15.

Vaa soksi na viatu, simama karibu na ukuta. Zoezi la kunyoosha kano ndilo la kwanza, na ndilo linaloharibiwa zaidi. Weka viganja ukutani, rudisha mguu mmoja nyuma, goti la nyuma limenyooka, kisigino kimebaki chini. Sogeza nyonga mbele polepole mpaka uhisi shavu linavutika. Kaa hapo sekunde 30, pumzika, rudia mara 3 kila mguu. Kisha fanya tena ukiwa umekunja goti la nyuma kidogo, ili msuli wa ndani zaidi nao uvutike. Fanya asubuhi na jioni. Makosa ni yaleyale: vidole vya mguu wa nyuma vinageukia nje, kisigino kinanyanyuka, au mtu anadundadunda. Vidole vikitazama nje, unyayo hulala upande wa ndani na kano haivutiki hata ukikaa robo saa. Kudundadunda hufanya msuli ujikaze kujilinda. Asiyeweza kusimama akae sakafuni, mguu umenyooka, azungushe kanga mbele ya unyayo na kuivuta kwake. Kanga ikunjwe iwe pana, maana upindo mwembamba hukata ngozi isiyohisi.

Pili, uimarishe msuli wa mbele. Kaa kwenye kiti, visigino chini, inua sehemu ya mbele ya unyayo juu kadiri uwezavyo, shikilia sekunde 3, shusha. Mara 15, mizunguko 2. Ni zoezi linaloonekana dogo, na watu huliacha kwa sababu hiyo, lakini ndilo linalozuia vidole kukwaruza chini na kukukwaza.

Tatu, shika ukuta na usimame kwa vidole: panda kwa sekunde 2, shuka kwa sekunde 4. Anza na mara 8, ongeza mara 2 kila wiki mpaka ufike kama 15. Ukishuka kwa haraka nusu ya faida imepotea. Maumivu ya uchovu yanayokwisha ndani ya siku mbili ni ya kawaida. Yakizidi hapo, punguza idadi. Mwenye kidonda, lengelenge au sugu nene chini ya unyayo asifanye hili kabisa wala asitembee kwa mazoezi, abaki na yale ya kukaa mpaka apone.

Ongeza kuinuka na kukaa kwenye kiti cha kawaida bila kushika, mara 5 kwanza, baadaye 10. Kigoda kiko chini mno kwa mwanzo. Malizia kwa usawa: weka unyayo mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, mkono karibu na ukuta, sekunde 10 hadi 30. Usifumbe macho. Nyayo zenye ganzi haziambii ubongo ziko wapi, na macho ndiyo yanayoziba pengo hilo, ndiyo maana watu huanguka gizani wakienda msalani. Weka tochi karibu na mto, na ukiamka kaa ukingoni mwa kitanda dakika moja kabla ya kusimama, kwa kuwa presha inaweza kushuka ghafla.

Kutembea ni dawa nzuri, lakini Kigoma ina miteremko. Mteremko hulazimisha msuli wa mbele wa muundi kufunga breki kila hatua, na ukiwa dhaifu unyayo hupiga chini kwa kishindo. Anza mahali tambarare, dakika 10 mara tatu kwa siku, vizuri baada ya kula kwa kuwa sukari nayo hushuka. Lengo ni angalau dakika 150 kwa wiki. Vilima vije baada ya wiki kadhaa. Usitembee peku kwenye mchanga wa ufukweni Kibirizi saa za mchana, unaunguza kama maji ya moto.

Kandambili hazifai. Vidole hukunjamana kuzishika, misuli huchoka, na humvuka mwenye ganzi njiani bila yeye kujua. Tafuta raba ya kufunga kamba, hata ya mtumba. Nunua jioni miguu ikiwa imejaa, acha kama sentimita moja mbele ya kidole kirefu. Chora unyayo wako kwenye boksi, kata, ingiza ndani ya kiatu: boksi likikunjika pembeni, kiatu kinabana. Pitisha mkono ndani kabla ya kuvaa, kila mara. Ukivua, tazama ngozi. Wekundu usiotoka baada ya nusu saa unaonyesha mahali panapogandamizwa. Anayeswali huosha miguu mara tano kwa siku, na hizo ni nafasi tano za kuikagua na kukausha vizuri katikati ya vidole.

Msuli ukikaza usiku, nyoosha goti na uvute vidole kuelekea muundi, polepole, bila kuushtua. Fanya zoezi la kunyoosha kano ukutani kabla ya kulala, na usichomeke shuka chini ya godoro upande wa miguuni, kwani husukuma vidole chini na kulifupisha shavu usiku kucha.

Kuhusu dawa kwa ufupi: diklofenaki haitibu maumivu ya neva na inaweza kuumiza figo ambazo kisukari tayari kinazitishia. Zipo dawa za neva, kwa mfano amitriptilini kwa dozi ndogo usiku, lakini daktari ndiye anayezipanga. Ukitumia metformini kwa miaka mingi, uliza kuhusu upungufu wa vitamini B12, maana nao huleta ganzi.

Nguvu ya misuli huanza kuonekana baada ya wiki 6 hadi 8. Ganzi yenyewe inaweza isiondoke, na ni vema familia ijue hivyo mapema ili mgonjwa asiache zoezi kwa kukata tamaa. Ukienda kumwona mtaalamu wa mazoezi tiba, iwe Hospitali ya Maweni mjini Kigoma au kwingine, beba viatu unavyovaa kila siku, dawa zako zote na daftari la sukari. Mwombe apime kifundo kinakunja nyuzi ngapi, aguse nyayo kwa uzi wa plastiki unaopinda kwa mgandamizo wa gramu 10 kuona wapi hazihisi, na akutazame ukifanya zoezi la ukutani mbele yake.