Pima Udongo Kabla Mitambo Haijaingia Bustanini

Mwanafunzi mmoja wa usanifu wa mandhari ameniandikia akiuliza atumie mfumo gani wa alama kuthibitisha kwamba bustani ya umma anayoisanifu ni endelevu. Mfumo wa SITES wa Marekani unafaa kuanzia: toleo lake la pili, la mwaka 2014, lina alama 200, na mradi huhitaji angalau 70 ili uidhinishwe. Ninauheshimu kwa sababu huhoji udongo, maji, mimea, vifaa vya ujenzi na afya ya watumiaji kwa pamoja. Hata hivyo, alama nyingi hutokana na michoro na mahesabu, na mvua haisomi michoro.

Katika mradi mmoja nilisisitiza tupime kasi ya maji kupenya ardhini kabla ya ujenzi. Tulipigilia pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, tukazijaza maji na kusoma yanavyoshuka katika pete ya ndani, kwani maji ya pete ya nje hupunguza kutawanyika kwa maji ya ndani kwenda pembeni. Ujenzi ulipokwisha nilirudia kipimo palepale, nikakuta udongo ulioshindiliwa na malori hauyapokei maji kama zamani, ingawa juu yake nyasi zilikuwa zimestawi vizuri. Kamati iliyosimamia mradi iliiweka ripoti yangu kando na kuzisifu picha za uzinduzi. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Mvua kubwa zilipozifurika njia za waendao kwa miguu, ripoti ile ile ndiyo iliyoonyesha mahali pa kutifua na kuchanganya mboji, na maji yakaanza tena kuzama. Ninajivunia namba zile kuliko mchoro wowote niliowahi kuuchora.

Kwa hiyo pima hali ya mwanzo, ndugu yangu. Pima kabla ya kuchora.

Kwa miti, kanuni aliyoipendekeza Frank Santamour, mtaalamu wa jenetiki ya miti wa Marekani, mwaka 1990 bado inasaidia: spishi moja isizidi asilimia 10 ya miti yote, jenasi moja (kundi la spishi zinazokaribiana) asilimia 20, na familia moja (kundi la jenasi zinazokaribiana) asilimia 30, ili ugonjwa mmoja usiangamize kivuli chote. Katika hesabu ya kaboni, yaani hewa ukaa ambayo bustani husababisha, anza na saruji na chuma, ambavyo gharama yake kwa hewa hulipwa kabla mche wa kwanza haujapandwa, kisha ongeza mafuta ya mashine za kukatia nyasi na umeme wa kusukuma maji mwaka baada ya mwaka. Wabunifu wengi huhesabu miti tu, na hilo si haki kwa wananchi watakaoitunza bustani hiyo.

Fedha za kupima ziandikwe ndani ya mkataba tangu siku ya kusainiwa, pamoja na jina la atakayerudi kupima mwaka wa kwanza, wa tatu na wa tano, na ramani inayoonyesha kila mahali pete zilipopigiliwa.