Zulia la Waturkmeni: anza na mgongo

Wengi wanaoanza na mazulia ya kale ya Waturkmeni wa Asia ya Kati hukimbilia nakshi. Wanakariri gul, yale maua ya pembe nyingi yanayopangwa safu kwa safu, kisha wanataja kabila: hili la Watekke, lile la Wayomut. Ushauri wangu: ligeuze kwanza. Nakshi huigwa, lakini mkono uliozoea kufunga fundo kwa namna moja tangu utotoni haubadiliki kirahisi.

Mfano mzuri ni chuval, mfuko mkubwa wa kuwekea vitu hemani, wenye lile gul la kabila la Wasalor lililozungukwa na vijimnara. Wasalor walishindwa vitani na kutawanyika katika karne ya 19, na gul lao utalikuta pia kwenye chuval za Wasaryk na Watekke. Kwa mbele unaweza kukesha unazitazama. Basi kunja kufuata mstari wa mshindio, nyuzi za mlalo, mpaka mashina ya manyoya yafunuke. Fundo likiwa limekumbatia nyuzi mbili za mtande, zile za wima, sawasawa, ncha zote zikitokea katikati, elekea kwa Wasaryk. Likiwa limezunguka uzi mmoja na kupita tu nyuma ya wa pili, angalia linafungukia wapi, yaani uzi huo usiozungukwa uko upande gani. Kulia, na mgongo ni bapa: Watekke. Kushoto, na uzi mmoja wa mtande umezama nyuma ya mwenzake hadi kidole kinahisi matuta: hapo una sababu ya kumtaja Msalor. Wayomut nao kwa kawaida hufunga kama Wasaryk, kwa hiyo fundo peke yake halimalizi kesi. Tazama nyeupe, Wasaryk mara nyingi waliitia kwa pamba.

Mtande wote ukiwa wa pamba, punguza matumaini. Wafumaji wa kale walitanda sufu; pamba ni kawaida ya mazulia ya Pakistani yanayouzwa kwa jina la Bokhara. Jina hilo lenyewe ni la soko: mzigo ulipitia mji wa Bukhara, basi likaganda.

Umri ni kazi ngumu zaidi. Nyekundu ya zamani ilitoka hasa kwenye mizizi ya mmea uitwao rubia. Rangi za kiwandani zilianza kupatikana Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1850, na zilisambaa zaidi kwa Waturkmeni baada ya Warusi kuiteka ngome ya Geok Tepe mwaka 1881 na mji wa Merv mwaka 1884, na reli kufika Samarkand mwaka 1888. Panua manyoya: ncha imepauka na shina bado ni zambarau kali, shuku fuksini, mojawapo ya rangi za kwanza za kiwandani. Nyekundu iliyochuruzikia kwenye nyeupe, shuku rangi za azo, kundi jingine la rangi za kiwandani. Ila shika hili: rangi ya kiwandani inakuambia zulia si la kabla ya wakati fulani. Kutokuwepo kwake hakuthibitishi chochote, maana rubia haikuachwa siku moja.

Usitegemee maabara ikutoe hapo. Kipimo cha kaboni hutenganisha vibaya miaka ya baada ya 1650 hivi, na mazulia mengi utakayoyashika ni ya baada ya hapo. Muuzaji akikuandikia "1780" kavukavu, muulize ameitoa wapi. Mimi kwenye kadi huandika "karne ya 19, nusu ya pili", na chini yake aina ya fundo, mtande na rangi nilizoziona, ili atakayenipinga awe na cha kukagua.