Pontiac ya 1959: upana wa fundi na upana wa brashi

SWALI: Ndugu Mhariri, kazi yangu ni kuchora mabango hapa Lindi mjini. Nimepata kurasa za matangazo ya magari ya Pontiac ya miaka ya 1960. Gari limelala chini, pana kama jahazi. Ile ni picha ya kamera au ya mkono? Mwenye gereji ameniagiza bango la namna hiyo, lakini kila nikilipanua gari linaharibika.
Mchoraji, Lindi

JIBU: Ni ya mkono, ndugu mchoraji, tena ya mikono ya watu wawili. Art Fitzpatrick alichora gari, Van Kaufman akachora watu na mandhari. Waliichorea Pontiac tangu magari ya 1959 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Lakini upana haukuanzia kwenye brashi. Bodi mpya za 1959 zilikuja pana, na kwa ekseli za zamani magurudumu yangezama ndani ya madigadi. Bunkie Knudsen, mkuu wa Pontiac, akayasogeza nje: nafasi kati ya gurudumu la kushoto na la kulia ikaongezeka karibu inchi 5. Gari likatulia zaidi kwenye kona, na tangazo likapata jina lake, Wide-Track, yaani nafasi pana kati ya magurudumu. Fitzpatrick akatia chumvi juu ya jambo lililokuwepo, ndiyo maana jicho linakubali.

Sasa bango lako. Chora gari kwenye karatasi yenye miraba ya sentimita 5. Kwenye bango piga vyumba vya sentimita 11 kwa upana na 10 kwa kimo, kisha hamisha chumba kwa chumba. Usizidishe hapo. Kinachokuharibia, bila shaka, ni magurudumu: ukiyapanua pamoja na bodi yanapinda kama mayai. Yachore kwa uwiano wake wa asili, sentimita 10 kwa 10 kila chumba, halafu yasukume nje hadi yakaribie ukingo wa madigadi. Watu nao usiwapanue. Jicho la mtazamaji liwe usawa wa taa za mbele. Ukichora kama uliyesimama juu, boneti na paa vitameza upana wote.

Bampa ndiyo inayotofautisha fundi na mwanafunzi. Wengi huipaka kijivu, ikafanana na bati. Kromu haina rangi yake, ni kioo. Sehemu ya juu paka bluu hafifu ya anga, izidi kuwa nyeupe inaposhuka. Katikati pitisha mstari mwembamba, karibu mweusi, wenye kingo kali. Chini yake weka rangi ya ardhi uliyoichora: mchanga kama gari liko ufukweni, wekundu kama ni barabara ya vumbi. Nyeupe tupu iguse sehemu moja au mbili tu, pale jua linapopiga. Mstari mweusi usubiri bluu ikauke hadi isishike kidole. Kwa rangi ya mafuta na unyevu wa pwani, iache usiku mzima. Ukiharakisha, vyote vitachanganyika na utarudi kwenye kijivu kile kile.