Fundi Akujibu: Betri ya Boti Inayokufa Kabla ya Siku Zake

SWALI: Mimi ni mvuvi wa dagaa, nina boti ya faiba yenye mashine ya nguvu za farasi 40. Betri yangu ni moja, ya volti 12 na amperi-saa 100. Ndiyo inayowasha mashine, na ndiyo inayobeba taa tatu za LED za wati 30 kila moja usiku kucha. Mchana naipeleka kuchajiwa kwa saa nne. Ukiingia mbalamwezi tunapumzika, nayo naiacha botini mpaka giza lirudi. Katika miaka miwili nimenunua betri tatu, na kila inapokufa naambiwa nimeuziwa bandia. Je, ni kweli?
*Mvuvi, Kilwa Kivinje*

JIBU: Betri bandia zipo madukani, lakini kwa maelezo yako sidhani kwamba ndizo zilizokutia hasara mara tatu mfululizo. Tupige hesabu. Taa zako ni wati 90, na ukigawa kwa volti 12 unapata amperi 7.5, zikiwaka kwa saa 8 zimekula amperi-saa 60. Betri ya risasi na asidi haifai kushushwa chini ya nusu yake, ambayo kwako ni amperi-saa 50, kwa hiyo kila usiku unauvuka mpaka huo. Tuseme chaja unayotumia ni ya amperi 10: kwa saa nne hairudishi zaidi ya amperi-saa 40, na mashine katika safari fupi ya kurudi pwani huongeza kidogo sana. Maana yake ni kwamba kila jioni betri inaingia baharini ikiwa na deni la jana.

Hata hivyo, kilichonishtua zaidi ni maneno yako kuhusu mbalamwezi. Betri inapotumika, plati zake za risasi hufunikwa na salfeti laini, ambayo huyeyuka tena betri inapochajiwa. Ikiachwa bila chaji kwa siku nyingi, salfeti hiyo hukomaa na kuwa ngumu kama chokaa, wala chaja haiiondoi tena. Wewe unaiacha betri ikiwa nusu tupu kwa wiki nzima kila mwezi, tena katika joto la pwani yetu, na hicho ndicho kinachoiua.

Nunua multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na ya betri. Baada ya kuchaji, iache betri ipumzike kwa saa chache bila kuwashiwa kitu, kisha ipime. Betri iliyojaa husoma kama volti 12.6 au 12.7, iliyofika nusu husoma karibu 12.2, na ikishuka mpaka 12.0 ichaji siku hiyo hiyo. Usiitoe kwenye chaja kwa sababu tu saa nne zimetimia, kwa kuwa sehemu ya mwisho ya kujaza huenda polepole, na kwa matumizi yako saa 8 au zaidi ndizo zinazohitajika. Siku ya kwanza ya mapumziko ijaze kabisa, uchomoe waya wa hasi, na uipime tena kabla ya giza kurudi.

Ukijaliwa kupata fedha, tenganisha kazi hizi mbili. Betri ya kuwashia mashine imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Ya taa iwe ile ya kutumika polepole kwa muda mrefu, na kwa taa zako ningechukua ya amperi-saa 150. Hapo taa zikimaliza umeme wake, mashine bado itawaka na mtarudi nyumbani. Kwangu mimi hili ni jambo la uhai, si la raha.

SWALI: Pampu yangu ya kutoa maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ndani ya boti, inazunguka kwa uvivu ingawa betri ni mpya. Tatizo ni pampu?
*Nahodha, Pemba*

JIBU: Kabla ya kununua pampu, iwashe, kisha upime volti kwenye betri na kwenye pampu yenyewe. Tofauti ikizidi nusu volti, umeme unapotelea njiani. Pampu ya amperi 5 iliyo mita 6 kutoka kwenye betri, ikifungwa kwa waya wa milimita za mraba 1.5, hupoteza kama volti 0.7 kwenda na kurudi. Kwa waya wa 4 hupoteza kama 0.26 tu.

Chumvi nayo ina sehemu yake. Niliwahi kuchuna waya wa boti moja ambao kwa nje ulikuwa mwekundu na safi kabisa, lakini ndani shaba ilikuwa imegeuka nyeusi na ikapukutika vidoleni kama masizi, sentimita 10 nzima kutoka kwenye kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe. Tumia waya wa shaba iliyopakwa bati, ubane viungo kwa koleo lake, uvifunike kwa mpira unaosinyaa kwa joto, na uvipitishe juu, mbali na maji ya ngama. Fyuzi iwe karibu na betri, ndani ya sentimita 18 kutoka kichwa cha chanya, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina kinga, na chini ya sitaha yenye mvuke wa petroli cheche moja inatosha.

SWALI: Maji ya betri yakipungua, niongeze asidi?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Hapana. Kinachopungua ni maji, asidi inabaki ndani, kwa hiyo ongeza maji yaliyotoneshwa pekee (distilled water) mpaka plati zifunikwe, na ujaze hadi alama baada ya kuchaji. Dukani sema wazi unachotaka, kwa kuwa vitu vyote viwili huombwa kwa jina la "maji ya betri". Maji ya bahari yasiingie ndani ya betri hata kidogo, kwani yakiingia hutoa gesi ya klorini yenye sumu. Ndiyo maana betri ya boti hukaa ndani ya sanduku lenye kifuniko na matundu ya hewa, limefungwa kwa mkanda mahali palipoinuka.