Kruzi ya Porsche 911 ya 2014: rada haipo, programu pekee haitoshi

Umeuliza kama Porsche 911 yako ya 2014 inaweza kuwashiwa, kwa programu tu, kruzi inayofuata gari la mbele. Hapana, huwezi. Kwenye 911 za miaka hiyo (kizazi cha 991), kruzi kontroli (mfumo wa kushika spidi bila kukanyaga mafuta) inayojirekebisha kufuata gari la mbele ilikuwa nyongeza ya kulipia, na inategemea rada, kifaa kinachopima umbali wa gari la mbele, iliyofungwa kwenye bampa ya mbele. Gari lako lina kruzi ya kawaida: inashika spidi uliyoweka, basi, haijui kama mbele kuna lori.

Nafanya umeme wa magari, na hili naulizwa mara kwa mara na watu walionunua la mtumba. Chungulia tundu la hewa la chini, katikati ya bampa. Kama hakuna kifaa bapa kinachotazama mbele, rada haipo. Hakikisha pia kwa misimbo ya vifaa iliyobandikwa ndani ya kitabu cha huduma. Tangazo la muuzaji lisikutoshe.

Kuifunga baadaye ni kazi nzito: rada, swichi, nyaya, kuisajili kwenye kompyuta ya gari, halafu kuipima ielekee sawasawa. Ningekushauri uweke hizo pesa kwenye breki na matairi kwanza.

Na hata ukipata lenye rada, mguu usiende mbali na breki. Mifumo hii inaweza isitambue gari lililosimama tuli, na pikipiki huikwepa kirahisi. Itumie kwenye barabara kuu iliyo wazi, siyo kwenye foleni ya bodaboda.